Kompyuta ya Injini na Ulaji wa Mafuta: Kinachobadilika na Kisichobadilika

Mwenye gari linalokula mafuta kuliko alivyozoea huambiwa mambo mawili yanayopingana. Fundi mmoja atamwambia kwamba kompyuta ya injini ilitoka kiwandani ikiwa imefungwafungwa, na kwamba ikichezewa kidogo gari litashuka kutoka lita 10 hadi 7 kwa kila kilomita 100. Fundi wa pili atamwambia asiiguse kabisa, kwa kuwa waliolitengeneza gari walijua walichokuwa wakikifanya. Kila mmoja wao ana chembe ya ukweli, lakini hakuna kati yao anayemweleza kompyuta hiyo inafanya nini hasa, na bila kulijua hilo haiwezekani kutenganisha badiliko lenye faida na badiliko linaloharibu injini polepole huku mwenye gari akiamini kwamba anaokoa fedha.

Injini ya petroli ya kisasa haina kabureta. Ina nozeli zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme, na inayoamua zifunguke lini na kwa muda gani ni kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontrolboksi. Chukua injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Kila silinda huhitaji mafuta mara moja katika kila mizunguko 2, kwa hiyo nozeli zote nne kwa pamoja hupuliza mara 100 kwa sekunde. Ikiwa injini hiyo inatumia lita 6 kwa saa, kila mpulizo unatoa sehemu moja ya mililita iliyogawanywa mara 60, ambayo ni kama theluthi ya tone la maji. Kompyuta hukikadiria kiasi hicho kidogo kwa kupima kwanza hewa inayoingia, ama kwa sensa ya uzito wa hewa au kwa sensa ya mgandamizo ndani ya manifodi, yaani bomba linaloigawa hewa kwa silinda, kisha hukirekebisha kwa kutazama joto la maji ya injini, joto la hewa na nafasi ya throto, yaani kile kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga akseleta. Viwango vya msingi vimehifadhiwa katika majedwali ambayo wahandisi huyaita ramani: upande mmoja mwendo wa injini, upande mwingine mzigo wake, na katika kila makutano tarakimu moja ya mafuta au ya muda wa cheche. Anayesema kwamba ataibadilisha programu ya gari lako anasema, kwa kweli, kwamba atazibadilisha tarakimu hizo.

Juu ya ramani hizo, hata hivyo, kuna msimamizi, na huyo ndiye ambaye watu wengi hawamjui. Ili petroli iungue yote bila kubakiza mafuta wala oksijeni, kila kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Masega yaliyomo katika bomba la moshi hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huunguza kaboni monoksidi, huunguza mafuta yaliyopita bila kuungua, na huvunja oksidi za nitrojeni. Kazi mbili za kwanza zinataka oksijeni iwepo. Ya tatu inataka oksijeni ikosekane. Zote tatu huwezekana kwa pamoja pale tu mchanganyiko unapokaa karibu kabisa na ule uwiano wa 14.7, na ndiyo sababu kampuni ya Bosch ilitengeneza sensa ya oksijeni, iliyoingia sokoni mwaka 1976 katika magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani. Sensa ya aina hiyo, ikiwa imepata joto, hutoa karibu volti 0.9 mafuta yanapozidi na karibu volti 0.1 hewa inapozidi. Kompyuta huisoma bila kukoma, hupunguza mafuta kidogo, huyaongeza kidogo, na hivyo mchanganyiko huyumba huku na huku ukiuzunguka uwiano uleule mradi gari liko katika mwendo wa kawaida.

Maana yake ni kwamba, katika sehemu kubwa ya safari, kiasi cha mafuta hakiamuliwi na ramani peke yake. Ramani hukisia, sensa ya oksijeni husahihisha. Ukiibadilisha ramani ya mafuta ili ikisie chini kwa asilimia 10 huku sensa ikiwa nzima, kompyuta itaziongeza asilimia hizo 10 baada ya muda mfupi, na gari litakula vilevile.

Hila ya resista

Hebu tuitazame kwa karibu hila moja iliyoenea sana, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Sensa ya joto la hewa ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika sensa ya aina inayotumika sana, ukinzani ni karibu omu 2,500 kwenye nyuzi joto 20, na hushuka hadi karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Mwenye hila huchukua resista, yaani kipande kidogo cha kukinza umeme, ya omu 1,000 na kuiunganisha sambamba na sensa hiyo. Hewa ni ya nyuzi 20, lakini kompyuta sasa inaona omu 714 na kuamini kwamba hewa ni ya nyuzi 55 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo gari linalokadiria hewa kwa sensa ya mgandamizo litapunguza mafuta kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Hapo mwenye hila hufurahi.

Sasa chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Soketi hiyo imekuwa ya lazima kwa magari mapya ya Marekani tangu mwaka 1996, na kwa magari mapya ya petroli ya Umoja wa Ulaya ililetwa na sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000 na 2001. Tafuta tarakimu mbili za masahihisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Katika gari zima zote mbili huwa karibu na sifuri. Washa injini ikiwa na resista, endesha, na utaiona ya muda mfupi ikipanda: asilimia 4, 7, 10. Sensa ya oksijeni imegundua kwamba hewa imezidi, na kompyuta inarudisha mafuta iliyoyapunguza. Endelea kuendesha, nayo tarakimu ya muda mrefu itaanza kupanda taratibu huku ya muda mfupi ikirudi karibu na sifuri, kwa sababu kompyuta imejifunza kosa hilo na kulihifadhi. Mafuta yamerudi palepale.

Kuna jambo moja tu lililobaki limebadilika. Kompyuta bado inaamini kwamba hewa ni ya moto, na hewa ya moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati, ule mlio wa kugonga kama chuma ambao dereva huusikia injini inapozidiwa mlimani. Ili kuuepuka, kompyuta huchelewesha cheche. Cheche iliyochelewa hupoteza nguvu, na dereva hukanyaga zaidi ili aupate mwendo aliouzoea. Resista iliyowekwa kwa ajili ya kuokoa mafuta imeishia kuyaongeza.

Wapo wanaokwenda hatua moja mbele na kuidanganya sensa ya oksijeni yenyewe, kwa sakiti ndogo inayoongeza sehemu ya volti juu ya waya wake ili kompyuta idhani kwamba mafuta yamezidi. Hila hii inafika kwa msimamizi mwenyewe, kwa hiyo inaweza kweli kuupunguza mchanganyiko. Lakini sensa ya kawaida haipimi kiasi, inasema tu «yamezidi» au «yamepungua», na badiliko lake la volti ni la ghafla kama ukingo wa ukuta. Ukiusogeza mchanganyiko nje ya ukingo huo hakuna kinachokuambia umefika wapi. Masega nayo huacha kuvunja oksidi za nitrojeni mara tu oksijeni inapozidi, na silinda moja iliyo dhaifu kuliko nyenzake huanza kukosa kuwaka. Mafuta ya mlipuko uliokosekana huenda kuungulia ndani ya masega, na masega yakishayeyuka huziba njia ya moshi. Sakiti hizi mara nyingi huuzwa pamoja na mitungi ya kutengeneza hidrojeni kutokana na maji kwa umeme wa gari. Kuhusu mitungi hiyo hesabu fupi inatosha: mtungi unaovuta ampea 20 kwa volti 14 hutumia wati 280, ilhali petroli ya lita 6 kwa saa hubeba nishati ya karibu wati 53,000. Umeme huo wenyewe umetoka katika petroli hiyohiyo, kwa kupitia injini inayopoteza karibu theluthi mbili au zaidi ya nishati njiani na alteneta inayopoteza sehemu nyingine kubwa.

Na vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi, vinavyoahidi kujifunza tabia ya dereva? Vingi vilivyofunguliwa vimekutwa na taa ndogo zinazomweka na chipu isiyotuma ujumbe wowote kwa kompyuta ya gari. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya madai ya kuokoa mafuta, na halijapata hata kimoja kilichopunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

Faida ya kweli ilipo

Adui mkubwa wa injini ya petroli katika mwendo wa kawaida ni throto yenyewe. Ili injini ya lita 2 itoe nguvu ndogo tu ya kulisukuma gari katika barabara tambarare, lazima inyimwe hewa, na pistoni zinazovuta hewa kupitia kilango kilichokaribia kufungwa hufanya kazi sawa na mtu anayevuta pumzi kwa bomba jembamba. Injini hiyohiyo ikifanya kazi kwa mzigo mkubwa kiasi na kwa mizunguko michache, kila lita ya petroli hutoa kazi nyingi zaidi. Hapa ndipo badiliko la programu lenye busara linapopata nafasi, hasa katika gari lenye gia za kujibadilisha: kompyuta ya giaboksi ikielekezwa kupanda gia mapema na kufunga kiunganishi cha giaboksi, yaani kuiunga injini na gia moja kwa moja bila kuteleza, katika mwendo mdogo zaidi, injini huzunguka polepole huku throto ikiwa wazi zaidi, na ulaji hupungua bila kuugusa mchanganyiko hata kidogo. Binafsi naona hili ndilo badiliko linalostahili kufikiriwa kwanza, ingawa ni nadra kuwasikia wauzaji wa programu wakilitaja.

Njia nyingine ya kuipunguzia throto kazi ni kuirudishia injini sehemu ya moshi wake kupitia valvu ya EGR. Moshi hujaza nafasi ndani ya silinda, kwa hiyo throto hufunguka zaidi kwa nguvu ileile. Ndiyo maana inasikitisha kuona valvu hiyo ikizibwa katika magari ya petroli kwa imani kwamba inakula mafuta, wakati kazi yake mojawapo ni kuyaokoa. Katika dizeli mambo ni tofauti, kwa kuwa dizeli nyingi hazidhibiti nguvu kwa kubana hewa. Huko EGR ipo karibu kabisa kwa ajili ya kupunguza oksidi za nitrojeni.

Kuhusu muda wa cheche, faida ipo lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Wahandisi wa kiwandani huacha akiba kwa ajili ya petroli mbovu na siku za joto kali, na mtu anayetumia petroli ya okteni ya juu anaweza kuitumia akiba hiyo. Tatizo ni kwamba akiba hiyo iko upande wa mzigo mkubwa, pale injini inapokuwa karibu na kugonga. Katika mwendo wa kawaida cheche kwa kawaida huwa tayari iko mahali panapotoa nguvu nyingi zaidi, na kuitanguliza zaidi ya hapo ni kuisukuma pistoni chini kabla haijamaliza kupanda.

Kuendesha kwa hewa nyingi kuliko 14.7 pia huokoa mafuta kweli, mradi injini imejengwa kwa kazi hiyo. Honda Civic VX ya mwaka 1992 iliweza kwenda na uwiano wa karibu 22, lakini ilikuwa na valvu zilizopangwa ili zizungushe hewa ndani ya silinda, na sensa ya oksijeni yenye waya 5 iliyoweza kupima kiasi na si kukisia upande. Hata hivyo toleo lililouzwa California halikuwa na uwezo huo, kwa sababu kanuni za moshi za jimbo hilo zilikuwa kali zaidi. Anayetaka kuiga matokeo hayo katika injini ya kawaida kwa kubadilisha tarakimu tu anaomba tunda bila mti.

Injini za turbo ndizo zinazoitikia programu mpya kwa uwazi zaidi, hasa za dizeli. Mgandamizo wa turbo na muda wa kupuliza mafuta vyote viko mikononi mwa kompyuta, na nguvu ikiongezwa katika mizunguko ya chini dereva anaweza kupanda gia mapema. Akiitumia nguvu hiyo kukimbia, ulaji utapanda. Programu haiwezi kumchagulia. Tena dizeli inayopuliza mafuta mapema huungua vizuri zaidi na hutoa oksidi za nitrojeni zaidi, na mvutano huo kati ya ulaji na moshi si jambo dogo. Tarehe 18 Septemba 2015 EPA ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa na kusafisha moshi wakati huo tu. Barabarani baadhi ya magari hayo yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri kwamba programu hiyo ilikuwa katika magari takriban milioni 11 duniani. Moshi huo ulivutwa na watu waliokuwa wakipita kandokando ya barabara.

Sehemu moja ya ramani haifai kuguswa na mtafuta nafuu. Dereva akikanyaga akseleta hadi mwisho, kompyuta nyingi humwacha msimamizi pembeni na kumwaga mafuta zaidi ya uwiano, kwa sababu mafuta ya ziada hupooza silinda. Kuyapunguza hapo ni kuokoa vijiko vichache kwa mwezi na kuhatarisha valvu, pistoni na turbo.

Kabla ya kubadilisha chochote

Nimetumia nafasi kubwa kueleza programu, lakini ukweli ni kwamba magari mengi yanayolalamikiwa hayana tatizo la programu. Yana kompyuta nzima inayopewa habari za uongo. Kwa mujibu wa taarifa rasmi za Marekani za ulaji wa mafuta, kurekebisha tatizo kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuongeza kilomita za kila lita kwa hadi asilimia 40. Hakuna programu itakayokaribia hapo.

Mfano unaonikera kuliko yote ni thamostati iliyotolewa. Injini ilipochemka siku moja, mtu aliitoa «ili maji yapite vizuri», na tangu siku hiyo injini haipati joto lake. Maji yakibaki kwenye nyuzi 60 badala ya 90 hivi, kompyuta huamini kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi: inaongeza mafuta, inapandisha mizunguko gari likiwa limesimama, na katika magari mengi ya gia za kujibadilisha inakataa kuingiza gia ya juu kabisa au kufunga kile kiunganishi. Mwenye gari analipia safari nzima kana kwamba ni dakika tano za kwanza. Kisha analipia programu ya kuokoa mafuta. Kifaa kinachohitajika ni kipande cha chuma chenye nta na springi, kinachokaa katika kiganja cha mkono.

Sensa ya uzito wa hewa iliyochafuka, nozeli inayovuja, breki inayoshika na tairi zenye upepo mdogo huingia katika orodha hiyohiyo, na kila moja kati ya hizo huonekana kwa mashine ya kusomea au kwa jicho. Filta ya hewa iliyoziba, kinyume na imani ya wengi, haiongezi ulaji wa maana katika gari la petroli ambalo mafuta yake hupulizwa kwa amri ya kompyuta. Hupunguza nguvu, kwa kuwa kompyuta hupima hewa iliyopita na kutoa mafuta ya kuitosha. Katika zama za kabureta mambo yalikuwa mengine.

Baada ya hayo yote, anayeamua kubadilisha programu na atake kwanza nakala ya programu ya awali, isomwe kutoka katika gari lake mwenyewe na kuhifadhiwa. Wakati wa kuandika programu mpya betri iungwe na chaja imara, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kazi kompyuta inaweza kubaki na programu nusu na isiwashe tena gari. Kisha apime. Ajaze tangi hadi pampu ijikate, asafiri kilomita 500 au zaidi katika njia zake za kila siku, ajaze tena katika pampu ileile, na arudie mara tatu kabla ya badiliko na mara tatu baada yake. Ikiwezekana airudishe programu ya zamani na kupima tena, maana upepo, joto na msongamano wa barabara hubadilika kutoka wiki moja hadi nyingine, na dereva anayejua kwamba anapimwa hukanyaga taratibu bila kukusudia.

Asitegemee tarakimu ya ulaji inayoonyeshwa kwenye dashibodi. Kompyuta haipimi mafuta kwa chombo chochote. Hujumlisha muda ambao nozeli zilikuwa wazi na kuuzidisha kwa kiasi ambacho nozeli moja hupitisha. Aliyebadilisha nozeli, mgandamizo wa pampu au kigezo hicho ndani ya programu amebadilisha rula yenyewe, na dashibodi itamwonyesha lita 7 kwa kila kilomita 100 huku tangi likiendelea kuisha kwa lita 10.